Mkataba Ulisema Mtu Mmoja

Mlionitukana wiki iliyopita kwa kusema uongo kwenye karatasi, nimewasikia. Haki yenu. Lakini kaeni kwanza mnisikilize hadi mwisho, halafu mtukane tena mkitaka. Hata mimi nitawasaidia.

Kwa mliochelewa: mimi ni Tokie Nakajo, miaka arobaini na sita, muuza glavu kwenye duka kubwa hapa Tokyo. Mume tulishaachana, na sitaki kumtaja leo. Baba yangu ni mzee Kanezo, fundi wa mikeka ya tatami kutoka Kashiwazaki, miaka themanini na moja. Majira ya baridi yaliyopita alianguka jikoni kwake akalala sakafuni mchana kutwa na usiku kucha. Kaka yangu anakaa nyumba ya pili, wala hana habari. Nilipofika nikamshika miguu, ilikuwa baridi mpaka magotini.

Siku ile niliapa: baba yangu hatalala tena peke yake ndani ya nyumba.

Kuapa ni rahisi. Kutafuta nyumba ndiyo kazi. Mawakala kumi na mmoja walinipa kiti na chai, wakasikia umri wa Baba aliyekaa kando yangu, wakaweka kalamu chini.

"Dada, si sisi, ni wenye nyumba. Mzee akiwafia humo ndani, chumba hicho nani atakipanga tena?"

Wa kumi na mbili nilimwendea peke yangu, sikumtajia Baba. Aliniuliza, "Mtakaa wangapi?" Nikamjibu, "Mmoja." Nikapiga mhuri wangu kwenye mkataba. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa wengi mmeniuliza: wewe muuza glavu, umepata wapi ujasiri wa kupanga nyumba ya kifahari Meguro, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya kumi na nne, mapokezi chini, maua mapya kila Jumatatu?

Nitawaambia ukweli. Kwenye nyumba za bei yetu kuta ni nyembamba. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Siku mbili tu wangejua kuna mzee. Lakini kule kwa matajiri mtu hamwangalii mwenzake. Kwenye lifti wote macho juu, wanasoma namba za ghorofa. Mimi sikulipia maua, wala ile sakafu ya mawe. Nililipia watu wasionione. Na kodi ilikula mshahara mpaka chakula changu cha mchana kikawa donge moja la wali, nalo nalila nimesimama.

Sheria ya jengo ilikuwa fupi. Vyumba vya aina ile ni vya mtu mmoja, basi. Kamati ya wenye nyumba ilipitisha hivyo tangu mpangaji fulani alipogeuza chake gesti. Ukikamatwa mko wawili, una siku thelathini kuhama, na hakuna wakala mwingine atakayekupokea.

Basi Baba nilimwingizaje? Mtacheka. Siku ya kuhamia nilimvika sare ya wabeba mizigo, kofia mpaka kwenye nyusi, nikampa boksi la sufuria. Wakaingia wabebaji watatu.

Wakatoka wawili.

Pale mapokezi alikaa Bwana Hirukawa, mtu wa makamo, glavu nyeupe, sauti ya upole. Nilimsikia akimuuliza dereva, "Mwenzenu mwingine yuko wapi?"

"Ametangulia," dereva akasema, kwa kuwa nilishaongea naye vizuri.

Hirukawa aliutazama mlango, akanitazama na mimi, akainama. "Karibu sana, Bi Nakajo." Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Mwanzo Baba aliiona ile nyumba kama maajabu. Choo kilifunua kifuniko chenyewe alipokikaribia, Baba akakiinamia. "Asante, samahani kwa usumbufu." Bafu likatangaza kwa sauti ya mwanamke kwamba maji yameshapata moto. Baba akatoka mbio, taulo kiunoni.

"Tokie! Kuna mwanamke bafuni!"

"Ni mashine, Baba."

"Mashine ndiyo inataka nivue nguo?"

Tulicheka usiku ule. Nasema hivi ili mjue tulicheka, maana huko mbele hakuna kicheko.

Kesho yake, kwenye supu ya asubuhi, akaniuliza.

"Majirani tunawasalimia lini?"

"Hatuwasalimii."

"Unasema?"

"Baba, hapa watu hawasalimiani. Ndiyo ustaarabu wao."

"Huo si ustaarabu, huo ni ugonjwa." Akaweka bakuli chini. "Mtu akihamia anapita kwa wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini. Ana kitu mkononi. Anasema: nimekuja, nivumilieni. Wa chini ndiye anayesikia unyayo wako. Usipomsalimia, kila ukitembea unamkanyaga kichwa."

"Hapa unyayo hausikiki. Sakafu nene."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Nilipoanguka, mtoto wangu wa kiume alikuwa nyumba ya pili, hasemezani na mtu mtaa mzima. Ni nani angemwambia?"

Nikaona hapa nisipokuwa mkali tumekwisha.

"Baba, nisikilize. Wewe hupo hapa. Umenielewa? Kwenye karatasi hupo. Mlangoni hupo. Kengele ikilia, hupo."

"Sasa nipo wapi?"

"Hupo popote."

Mungu anisamehe. Baba yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni mpaka shule theluji ilipofunga barabara, nilimwambia usoni kwamba hayupo.

Hakujibu. Akamalizia supu, akaosha bakuli lake. Nikafikiri amekubali. Nilisahau kwamba fundi wa mikeka akinyamaza hajakubali. Anapima.

Zikapita wiki tatu. Mapazia hayafunguliwi. Redio sauti ya chini. Mimi nikienda kazini, nyuma yangu anabaki mtu anayetembea kwa soksi. Akaanza kupungua. Wali haumalizi. Nikimwita anachelewa kuitika, kama anayejiuliza kama aliyeitwa ni yeye.

Jumanne iliyopita nilikuwa na zamu fupi. Saa nane mchana nikafungua mlango. Baba amekaa sebuleni, ndani ya suti yake nyeusi ya harusi na misiba. Nywele kazichana kwa maji. Mezani kuna chungwa kubwa na pakiti ya chai, na kwa hakika mimi sikununua.

"Baba, hivi vimetoka wapi?"

"Wameturudishia fadhila."

"Akina nani?"

"Majirani," akasema, na uso wake ulikuwa umenawiri, jamani, kama wa kijana. "Nimemaliza wote. Wa kulia, wa kushoto, wa juu, wa chini. Na yule bwana wa pale chini mwenye glavu nyeupe, naye nimempa. Si vizuri kumruka."

Nikashika ukuta.

"Umewapa nini?"

"Taulo."

Ni zile taulo ndogo nyeupe za karakana yake, alizokuwa akiwagawia wateja kila mwaka mpya. Zilibaki chache alipofunga kazi, akazificha chini ya nguo zake. Kila moja aliifunga kwa karatasi nyeupe. Juu ya karatasi aliandika kwa brashi na wino, na Baba ana mwandiko ambao shule nzima ya Kashiwazaki iliwahi kuja kuuangalia: *Nakajo. 1407. Kanezo na Tokie.*

Majina mawili. Na namba ya chumba. Mara tano.

"Ghorofa nyingine ulifikaje? Lifti haikupeleki ila ghorofa yako."

"Ngazi zipo."

"Baba! Na miguu hiyo?"

"Nilipumzika kila kona. Hakuna aliyenifukuza."

"Ukawaambia nini?"

"Kinachosemwa. Mimi ni Nakajo Kanezo wa 1407, nakaa na binti yangu, nitakaa hapa mpaka kufa kwangu, naomba mnivumilie."

Mpaka kufa kwangu! Kati ya maneno yote ya lugha hii, akachagua lile ambalo mawakala kumi na mmoja walikuwa wakiliogopa. Kalibeba kutoka mlango hadi mlango, amelifunga kwa karatasi safi.

"Tokie, kaa chini, kuna na jambo la..."

"Nyamaza, Baba! Nyamaza kabisa! Umetumaliza!"

Sijawahi kumpigia kelele maishani. Nikatoka mbio bila hata kuvaa viatu sawasawa. Nilijiambia: nikizikusanya zile karatasi zote tano kabla ya jioni, nitasema mzee ni mgeni, alichanganyikiwa kidogo, ameshaondoka. Mwongo akishaanza hana pa kusimama.

Wa kulia, 1406. Akafungua kijana, nywele kazipaka rangi ya fedha, na taulo ya Baba iko shingoni mwake, imelowa.

"Anti! Wewe ndiye binti? Mzee wako ni noma!"

"Naomba hiyo taulo. Na karatasi yake. Kulikuwa na makosa."

"Makosa gani? Niko hapa mwaka wa tatu, ni mtu wa kwanza kunigongea mlango. Nilidhani polisi. Nikamtupia chungwa, sikuwa na kingine."

"Karatasi, tafadhali."

"Iko kwenye friji, nimeibandika. Mwandiko gani ule! Nimeupiga picha nikaurusha mtandaoni. Watu elfu nne wameshaupenda."

"Na namba ya chumba?"

"Inaonekana yote."

Nilikalia sakafu ya korido. Sikulia kwa hiari, machozi yalinitoka tu. Yule kijana akaogopa.

"Nafuta, anti! Nafuta! Tazama, nimefuta. Usilie bwana, watu wataniona mimi ndiye nimekufanya kitu."

Wa kushoto, 1408. Mlango ukafunguka kwa upana wa vidole viwili, mnyororo haujatolewa. Chini kabisa, kipua cha mbwa. Juu, jicho la Bi Ikushima.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

"Samahani sana, Bi Ikushima. Yule mzee ni mgeni tu, amepita..."

"Mgeni anayekaa mpaka kufa?"

Jicho likasogea karibu zaidi na mwanya.

"Wiki tatu mbwa wangu anabweka ukutani mchana, na wewe uko kazini. Nikajua. Mimi nimo kwenye kamati, nadhani hukuambiwa. Karatasi nimeshaipeleka chini."

"Na taulo?"

"Taulo nimebaki nayo. Taulo haina kosa." Akafunga mlango.

Hapo wale wengine wawili, wa chini na wa juu, sikuwakumbuka tena. Kama karatasi imefika mapokezi, nafuatilia nini? Nikashuka na lifti. Nilijiona kwenye kioo: kiatu kimoja kimekanyagwa kisigino, rangi ya macho imefika mashavuni. Ndiye mpangaji wa kifahari huyo.

Hirukawa alikuwa wima nyuma ya meza yake. Mbele yake karatasi mbili zimelala kwa adabu, moja yake, moja ya Bi Ikushima.

"Bwana Hirukawa, kaka yangu. Usiandike."

"Bi Nakajo." Akavua glavu zake, moja, halafu ya pili. Sijawahi kuona mikono yake. "Siku ile waliingia watatu wakatoka wawili. Nilihesabu. Kazi yangu ni kuhesabu."

"Ulijua?"

"Nikasema labda macho yangu yamezeeka. Wiki tatu nimesema hivyo. Nina mama, najua habari ya mawakala." Akashusha sauti. "Lakini huyu wa kamati ameleta karatasi mkononi, akasimama hapohapo mpaka nimeandika. Mimi nami nimeajiriwa, dada yangu. Kamati inakaa leo saa kumi na moja."

"Nitampigia wakala. Aongee na mwenye nyumba, mwenye nyumba aongee na kamati..."

"Wakala wa nini?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwenye nyumba yuko juu."

"Juu wapi?"

"Juu yako. 1507. Bi Satake. Kwenye mkataba kuna jina la kampuni ya familia, lakini kampuni ni yeye. Hukujua?"

Wa kulia, wa kushoto, wa chini, na wa juu. Baba alikwishaugonga mlango wa mwenye nyumba wangu, kwa suti ya misiba, akamwambia kwamba amekuja kufia ndani ya mali yake.

"Amesema nikikuona nikupandishe," Hirukawa akasema, na akavaa glavu zake tena. "Pole sana."

Bi Satake alikuwa kibibi kidogo, kiti kimemmeza. Miaka themanini na minne, fimbo mapajani, mezani pakiti ya chai kama ile ya Baba. Chai ilitoka kwake, basi.

Sikungoja kuulizwa. Nikapiga magoti, paji la uso sakafuni.

"Inuka," akasema. "Unaniacha niongee na kisogo."

Nikainuka nusu.

"Aliyenidanganya ni nani, wewe au baba yako?"

"Mimi."

"Yeye alijua mkataba unasemaje?"

"Nilimwambia asionekane. Hakujua kwamba ni kosa la kufukuzwa. Nilimwambia ni ustaarabu wa hapa."

"Hm. Kumbe unaweza kusema kweli ukibanwa." Akaigongagonga fimbo yake taratibu. "Unajua alichoniambia pale mlangoni?"

"Najua. Mpaka kufa kwake. Nakuomba, Bibi, usimhesabie. Ni maneno ya kizee, ya salamu tu..."

"Nimepangisha nyumba miaka arobaini. Wote wanaandika miaka miwili, na macho yao yako mlangoni. Sijawahi kumsikia mpangaji aliyekuja kukaa."

Sikuelewa anaelekea wapi. Nikaona heri nimwage yote niliyonayo.

"Usimtoe. Nitoe mimi. Nishtaki mimi, mhuri ni wangu, uongo ni wangu. Yeye hana pa kwenda. Kumi na mmoja wamemkataa. Nakuomba, Bibi, nitoe mimi."

"Vizuri," akasema Bi Satake. "Ndivyo tulivyopatana."

"Na nani?"

"Na baba yako."

Nikadhani ananikejeli. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Kamati inataka mtu mmoja 1407. Siwezi kuivunja, yule Ikushima ameganda pale kama kupe. Lakini sheria haikutaja jina. Mtu mmoja ni mtu mmoja." Akaninyooshea karatasi kwa ncha ya fimbo. Mkataba mpya. Jina: Nakajo Kanezo. Kodi imepunguzwa karibu nusu. "Wenzangu wanaogopa mpangaji mzee atawafia. Mimi naogopa kufa mimi, halafu nionwe baada ya wiki kwa sababu ya harufu. Kila asubuhi saa moja atapanda agonge mlango wangu. Kila usiku saa tatu nitagonga sakafu kwa fimbo, naye atajibu. Asipojibu, Hirukawa anapanda."

"Bibi, baba yangu hawezi kukaa peke yake. Alianguka. Niliapa..."

"Aliniambia alianguka. Aliniambia na mengine. Mgeni wa nje anaruhusiwa kuja Jumapili, mwisho saa mbili usiku. Utaandika jina pale chini."

"Mgeni? Mimi?"

"Mkataba wa sasa ni wako. Usipouachia kwa mdomo wako mbele ya kamati, huu wake hauanzi, na mtatoka wote wawili. Una mpaka saa kumi na moja." Akafumba macho, kama amechoka na mimi. "Mimi ningekufukuza tangu saa ile. Mshukuru aliyekuja na jina lake."

Nilishuka kwa ngazi. Ghorofa moja tu, lakini nilipumzika kila kona.

Nilisema moyoni: amemzunguka. Kizee cha pesa kimemzunguka mzee wa watu kwa pakiti ya chai. Nikifika nitamweleza, atashtuka, atasema la, tutabeba mabegi tutoke pamoja kama tulivyoingia. Tutalala hata kituo cha treni, lakini wawili.

Nikafungua mlango. Baba yuko chumbani, amevua koti la suti, amepiga magoti mbele ya begi. Begi langu. Anakunja nguo zangu, kona kwa kona, zote zimelingana.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakusaidia kufunga."

"Umekubali? Kweli umekubali mimi nitoke?"

"Nilitaka kukwambia. Ukaniambia ninyamaze."

"Amekudanganya yule bibi!"

"Hajanidanganya. Alinisomea mstari kwa mstari. Nikamwambia arudie, akarudia." Alichukua sweta langu, akalipima kwa shubiri kabla ya kulikunja. "Tokie, wewe ukiingia kwa wakala yeyote unapewa kiti na chai. Kesho kutwa una chumba, tena cha bei yako, utakula mchana kama watu. Nimeona ulivyokonda. Mimi kumi na mmoja wamenikataa. Amekuja mmoja amenikubali kwa jina langu. Unataka nimrudishie?"

"Niliapa hutalala tena peke yako!"

"Uliapa wewe. Mimi hukuniuliza."

Nikakaa kitandani.

"Wiki tatu nimekaa humu sipo," akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ulisema mwenyewe. Nikawa kila nikienda chooni naogopa hata maji yasisikike. Leo nimegonga milango. Nimesema jina langu, watu wameitika. Yule kijana mwenye nywele nyeupe amenishika mkono. Nimeona raha, mwanangu. Nimeona raha sana."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka, nimeanguka kwangu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyempata kwenye ile sakafu ya baridi, si Bi Satake. Kwamba nimelipa kwa donge moja la wali. Kwamba sina mume wala mtoto, na kwamba mtu pekee anayeniuliza nimekula au sijala ni yeye, na Jumapili mpaka saa mbili haitoshi. Yote yalikuwa kweli. Nikayasikia kichwani mwangu, yote yanaanza na "mimi".

Saa kumi na moja kasoro dakika tano ikalia kengele ya ukutani. Sauti ya Hirukawa ikaingia chumbani, rasmi, maana ni wazi hakuwa peke yake pale chini.

"Bi Nakajo, samahani. Kamati imeshakaa. Wanaomba jibu kutoka kwako mwenyewe. Anayebaki 1407 ni nani?"

Nikasimama. Nikaenda mpaka ukutani, nikaweka kidole juu ya kitufe, nikageuka kumtazama Baba.

Ameacha kukunja. Ameishika blauzi yangu ya kazini kifuani, ameifinyanga mpaka kona zimepotea. Hiyo mikono imesukuma sindano ya mikeka miaka sitini, sijaiona ikikosea kona hata siku tulipomzika Mama. Alikuwa akitazama kidole changu. Nimewaona mawakala wote kumi na mmoja wakimkataa, na mbele yao alikuwa akiinama tu na kushukuru.

Mbele yangu mimi, binti yake, alikuwa anaogopa.